Mlingoti ni nini na neno lenyewe limetoka wapi? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Mie nimezaliwa Mkokotoni, kaskazini Unguja, upande wa mama kwetu ni mafundi wa vyombo, mjomba wangu kaunda mashua na majahazi tangu tezo ikiwa kubwa kuliko mkono wake. Mie mwenyewe sikuwa fundi, nimeishia mjini kwenye kompyuta, lakini watu wakijua kwamba natoka kwa mafundi basi maswali hayeshi, wanafunzi wanauliza, vijana wanaorukia majini pale Forodhani wanauliza, wengine wanabishana kahawani hadi saa nne usiku alafu wananipigia simu niamue. Nimechoka kujibu mmoja mmoja. Haya hapa yote.

Mlingoti ni nini hasa?

Ni ule mti mrefu uliosimama ndani ya chombo, kazi yake kubeba tanga. Chini unaingia kwenye tundu la ubao mnene uliokaa juu ya mkuku, yaani uti wa mgongo wa chombo, katikati unafungwa kwenye boriti inayokata chombo ubavu kwa ubavu, juu una roda (gurudumu la kupitishia kamba) au tundu la kamba ya kutwekea, yaani ya kupandishia tanga. Ngalawa ina mlingoti, dau lina mlingoti, mashua, jahazi, vyote. Mtumbwi wa kupiga kafi hauna, lakini mvuvi akipata upepo mzuri wa kurudi nyumbani utamuona kasimamisha kijiti na kipande cha turubai, na hicho nacho mlingoti tu, usimcheke.

Ule mti mwingine unaolala mshazari juu yake, wenye tanga limefungwa urefu mzima, ule si mlingoti. Ule ni foromali. Hili kosa nalisikia kila siku hata kwa watangazaji wa resi za ngalawa, "mlingoti umeanguka" kumbe wamebwaga foromali. Mlingoti ukianguka hutoona watu wanacheka.

Wingi wake nini, na ni mlingoti au mlingote?

Milingoti. Ngeli ya mti miti, mkuku mikuku. Mlingote pia utalisikia, wazee wengine wanasema hivo, hakuna aliyekosea.

Hili neno si la Kiarabu?

Si la Kiarabu, na hapa ndo watu wanapogombana kahawani. Mtu anakwambia bahari yote tumefunzwa na Waarabu kwaiyo kila neno la chombo ni lao. Sawa, hebu tuangalie. Mwarabu mlingoti anauita daqal, mabaharia wa Ghuba wanalitamka dagal, na lipo sariya pia ambalo leo wanalitumia sana kwa mti wa bendera. Mwajemi anasema dakal. Mreno aliyekuja akatutia roda na bendera yeye anasema mastro. Mhindi anasema mastul, na yeye kalichukua kwa Mreno. Sasa niambie katika hayo lipi limezaa mlingoti? Hakuna hata moja linalokaribia, hata ukilivuta kwa henza, ile kamba nene ya kutwekea tanga.

Alafu kuna wanaosema linaanza na m- basi ndo ushahidi kwamba ni la Kibantu. Hiyo peke yake haitoshi jamani, msikiti unaanza na m- na wingi wake misikiti, na asili yake ni masjid. Kiswahili kina tabia ya kumvisha mgeni kanzu ya nyumbani mpaka ukadhani ndugu. Ushahidi wenye uzito ni kwamba ukienda kwa majirani wote tuliofanya nao biashara baharini hulikuti, na linakaa pamoja na majina mengine ya mwili wa chombo ambayo nayo ni ya kwetu, yaani tanga lenyewe na mkuku.

Basi mbona foromali, demani, joshi, jarari yote yanasikika ya kigeni?

Kwa sababu ni ya kigeni! Hili ndo jambo tamu kuliko yote kwenye habari hii na watu wanalipita tu.

Angalia chombo kama nyumba. Uti wa mgongo, mkuku, jina la kwetu. Mti uliosimama, mlingoti, wa kwetu. Kitambaa kinachoshika upepo, tanga, la kwetu. Sasa anza kugusa kamba na vifaa vya kulitumikia tanga kubwa la pembe tatu. Foromali, mabaharia wa Ghuba wanasema farman. Demani, ile kamba ya pembe ya nyuma ya tanga unayoivuta au kuilegeza kufuata upepo, ni daman, na kwa Kiajemi daman ni pindo la nguo, na kweli ukilitazama tanga lililojaa upepo lile pindo la chini linapepea kama kanga. Joshi, kamba ya pembe ya mbele, na wao wanasema josh. Jarari, kamba ya kupandishia foromali, ni la Kiarabu, limetoka kwenye kuvuta. Nahodha ni Mwajemi mtupu, serahangi, msimamizi wa mabaharia, naye Mwajemi. Roda Mreno.

Kwaiyo hesabu inakuja hivi: sisi tulikuwa na vyombo vyetu na milingoti yetu na matanga yetu kabla ya hilo tanga kubwa la pembe kuzagaa, alafu yakaja majahazi ya kaskazi kila mwaka, Disemba mpaka Machi yanashuka kutoka Arabuni na Ghuba na Bara Hindi, yakingoja kusi iwarudishe, na katika kungoja huko watu wanakaa miezi, wanaoa, wanafanya kazi chombo kimoja. Ukifanya kazi chombo kimoja na mtu, kamba unaiita jina atakaloisikia yeye haraka. Upepo hausubiri tafsiri. Lakini mlingoti hauvutwi wala haulegezwi, umesimama tu, hakuna anayeupigia kelele usiku wa manane, basi ukabaki na jina lake la zamani.

Hayo ya mwisho ni maoni yangu, mjomba aliyakubali kwa kutikisa kichwa huku ana misumari mdomoni kwahiyo sijui alikubali kiasi gani.

Nimeambiwa mlingoti umetokana na "kulinga", kweli?

Wapo wanaosema hivo, kwamba mafundi wanaulinga usimame sawa, na wanaongezea ulingo, lile jukwaa la juu la kuamia ndege shambani. Hadithi nzuri. Mie siinunui, kwa sababu hakuna anayenionesha hicho kipande cha -oti kimetoka wapi, na pili mlingoti wa jahazi kwanza hausimami sawa, umeinama, ntakwambia chini huko.

Galme ni nini? Babu yangu alikuwa akisema "mlingoti wa galme"

Babu yako alipanda vyombo vikubwa. Galme, wengine kalme au kalmi, ni mlingoti mdogo wa nyuma, upande wa tezi, wenye tanga lake dogo, na tanga hilo nalo linaitwa galme. Jina ni la mabaharia wa Ghuba, galmi. Ona tena mchezo ule ule: ule mkubwa wa kati ukabaki mlingoti, huu wa nyuma uliokuja na vyombo vyao ukaja na jina lake, lakini kwa adabu tukaupa na ukoo, mlingoti wa galme.

Majahazi yetu ya Unguja na Pemba mengi yana mlingoti mmoja tu. Yale ya milingoti miwili yalikuwa zaidi yale makubwa yaliyokuja na tende na papa mkavu na kurudi na boriti za mikoko.

Na mlingoti wa maji?

Swali la kitoto lakini jibu lake linapendeza. Mlingoti wa maji ni ule unaochomoza mbele omo, umelala unatazama maji badala ya kutazama mbingu. Kwenye majahazi mti wa namna hiyo wazee wanauita dasturi, na pembe ya mbele ya tanga inakwenda kushikwa pale. Usichanganye na desturi za harusi.

Kwa nini mlingoti wa jahazi umeinama mbele? Fundi alikosea?

Hajakosea. Kaangalie pale bandari ndogo ya Malindi, hapa mjini Unguja, yale majahazi yanayopakua mkaa na mbao, yote yameinamisha milingoti mbele kama mtu anayetafuta kitu kilichoanguka.

Sababu ni foromali. Foromali ya jahazi ni ndefu kuliko mlingoti wenyewe na ni nzito, mara nyingi ni miti miwili mitatu iliyounganishwa na kufungwa kamba. Mlingoti ukiinama mbele, foromali inaning'inia mbali kidogo na mti, haisuguani nao, na inapata nafasi ya kuzunguka. Kwa sababu tanga letu huligeuzi kama wafanyavyo wazungu kwenye yoti zao. Upepo ukitakiwa kushika ubavu wa pili, chombo kinageuka kwa kuupa upepo tezi, demani inaachiwa, foromali inasimamishwa wima imelalia mlingoti, mtu anakimbia na pembe ya tanga anaizungusha mbele ya mlingoti, wengine wanahamisha kamba zinazoushika mlingoti kuzipeleka upande wa upepo mpya, alafu demani inafungwa upande wa pili, na yote hayo tanga linapiga kelele kama mabati ya kibanda kwenye dhoruba. Nimeliona hili mara moja tu nikiwa ndani, nina miaka kumi na moja, nimeambiwa nikae chini kwenye magunia nisinyanyue kichwa. Nilinyanyua. Pindo la tanga lilipita hapa, kidole kimoja juu ya kofia yangu, na kofia sikuiona tena.

Ndo mana ukisikia mtu anasema kubisha, yaani kwenda mshazari dhidi ya upepo, ni kazi, kazi kweli.

Tanga linapandishwaje?

Kutweka. Kuna kamba nene, henza, imefungwa kwenye foromali ikapita juu ya mlingoti ikashuka nyuma. Mwisho wa henza kuna kapi kubwa la mti linaitwa gofia, chini kwenye chombo kuna kapi jingine, abedari, na jarari inapita baina ya hayo mawili. Watu wanavuta jarari, gofia inashuka, foromali inapanda. Ukisimama karibu unasikia mlingoti unalia, krii krii, na mjomba anasema mlingoti mzima unalia, ulionyamaza ndo uutilie shaka. Nilimuuliza kwa nini, akanambia we sikiliza tu.

Unatengenezwa kwa mti gani?

Inategemea chombo na mfuko. Ngalawa na mashua ndogo mvinje unafaa sana, umenyooka, mwepesi, na uko visiwani hapa hapa. Ngalawa yenyewe gogo lake mara nyingi mwembe, lakini mwembe usiufikirie kwa mlingoti, umepinda na mzito. Majahazi yanataka mti mkubwa ulionyooka, na miti hiyo zaidi inatoka bara. Vyombo vya Ghuba walikuwa wanaagiza msaji kutoka pwani ya Malabari, Bara Hindi.

Mti ukifika unachongwa kwa tezo mpaka uwe mviringo, mnene chini na mwembamba kidogo juu, unaachwa ukauke taratibu pasipo jua kali, alafu unapakwa mafuta. Zamani sifa, mafuta ya maini ya papa. Harufu ya sifa sikwambii. Shangazi yangu hakumruhusu mjomba aingie ndani na shati la kazi, lilikuwa linavuliwa mlangoni na kuning'inizwa kwenye mfenesi, na mpaka leo nikipita karibu na mfenesi ule nasikia harufu, labda ni akili yangu tu.

Mlingoti ukivunjika baharini mnafanya nini?

Kwanza mnasoma dua. Pili mnakata kamba, kwa sababu mti ulioanguka ukabaki umefungwa kwenye chombo unakipiga ubavuni kila wimbi mpaka ukitoboe.

Kwetu ilitokea kabla sijazaliwa, lakini naijua kama nilikuwemo. Mjomba na wenzake wanatoka Pemba, wamepakia karafuu za watu, usiku, kaskazi imechachamaa, mlingoti ukapasuka pale pale unapofungwa kwenye boriti. Kulikuwa na fundo la mti ndani, halionekani kwa nje, na maji ya mvua yaliingia humo miaka yakaoza polepole. Wakakata kila kitu wakabakisha kipande cha foromali, wakakisimamisha kama mlingoti, wakafunga tanga nusu, wakaja mrama mrama mpaka Tumbatu kumepambazuka. Karafuu zote salama ila zilinusa chumvi na mwenye mali alikata pesa. Tangu hapo mjomba hachukui mti mpaka augonge kwa nyuma ya tezo urefu mzima, kok kok kok, anasikiliza sauti inabadilika wapi. Muuzaji mmoja wa mbao alimchekea akamwambia mzee unanunua mlingoti au ngoma. Mjomba akaendelea kugonga.

Mtepe ulikuwa na mlingoti?

Ulikuwa nao. Mtepe ni kile chombo cha zamani cha pwani yetu kilichoshonwa kwa kamba za nazi, msumari hata mmoja hakuna. Mlingoti wake ulikuwa mmoja na umesimama wima, si wa kuinama, kwa sababu tanga lake halikuwa la pembe, lilikuwa la mraba, tena si kitambaa, mkeka uliosukwa. Hapo unaona nilichosema juu: mlingoti, tanga na chombo bila foromali ndefu ya mshazari. Waliofika Beit el Ajaib, lile jumba la makumbusho la mjini Unguja, kabla sehemu ya jengo haijaporomoka Disemba 2020 watakumbuka mtepe ulioundwa upya ulivyokaa katikati ya ukumbi, watu wanapiga picha milango mikubwa wanausahau.

Ni kweli kulikuwa na milingoti imechomoza bandarini miaka mingi?

Kweli tupu. Kimbunga cha 1872 kiliangamiza meli za Sultani wa Zanzibar, baadaye Sayyid Barghash akaagiza meli mpya Uingereza, ikaja ikiitwa Glasgow, meli ya moshi lakini yenye milingoti mitatu. Tarehe 27 Agosti 1896, siku ya vita vile vifupi vya kumtoa Khalid bin Barghash aliyejitwalia usultani, mizinga ya Waingereza ilianza saa tatu na dakika mbili asubuhi na haikuchukua hata saa nzima, Glasgow ikajibu kwa mizinga yake midogo, ikazamishwa pale pale mbele ya mji. Maji hayakuwa na kina cha kuifunika. Mwili ukakaa chini, milingoti mitatu na bomba la moshi vikabaki juu ya maji, mbele ya kasri, kila aliyefungua dirisha anaviona. Ilikaa hivo miaka mpaka 1912 ilipovunjwa na kuondoshwa. Picha za zamani za bandari zinaonesha vizuri, watu wanadhani ni meli imetia nanga kumbe ipo chini.

Watangazaji wa mpira wanasema golikipa yuko "katikati ya milingoti mitatu", hiyo vipi?

Miti miwili ya pembeni na mmoja wa juu. Ukitaka kuwa mkali, ule wa juu umelala kwaiyo ungekuwa foromali, lakini mwache mtangazaji apumue.

Neno limetembea sana. Mti wa bendera ni mlingoti wa bendera, na hapo una mlingoti wa kwetu na bendera ya Mreno wamekaa nyumba moja. Bendera ya Zanzibar tuliyoanza kuipandisha Januari 2005 ukiambiwa ile bendera ndogo ya Muungano iko pembe ya juu upande wa mlingoti, maana yake upande unaofungwa kamba, si upande unaopepea. Na huko bara ukisikia mtu anasema kapanda milingoti heka tano usidhani kaunda meli, anakusudia mikaratusi, ile miti mirefu ya nguzo na mbao. Mti ukazaa jina la chombo au chombo kikazaa jina la mti? Mkaratusi umeletwa juzi tu kutoka Australia, kwaiyo chombo ndo baba.

Boti za siku hizi hazina tanga, ule mti wa juu wa nini?

Rada, antena, bendera, na taa. Taa ya mlingotini ndo muhimu. Kwa sheria za kimataifa za 1972 za kuzuia migongano baharini, chombo kinachokwenda kwa mashine usiku lazima kiwashe taa nyeupe juu inayoonekana kwa mbele, na chombo cha mita 50 kwenda juu kinawasha mbili, ya nyuma iko juu kuliko ya mbele. Ukiwa kwenye mashua usiku baina ya Unguja na Pemba ukaziona zile mbili zimesimama moja juu ya nyengine sawasawa, usianze kuhesabu, toka, inakuja kwako. Jahazi linalokwenda kwa tanga halitakiwi kuwasha hiyo, lina taa zake za ubavuni na ya tezi. Wangapi wanaziwasha hilo swali usiniulize mie.

Majahazi yana mashine sasa, mlingoti wa nini tena?

Mafuta yanakwisha, mashine inazima, upepo haudai pesa. Pia mlingoti unatumika kama winchi ya kunyanyulia mizigo. Ila ni kweli vyombo vingi vinaundwa na mlingoti mfupi siku hizi, na kijana anayezijua jarari na abedari kwa majina utamtafuta.

Wapi naweza kuona mlingoti ukisimamishwa?

Nungwi, kwa mafundi wa pwani. Hakuna ratiba, ulizia. Nenda asubuhi maji yametoka, salimia kwanza, na usiende na kamera mbele ya uso. Kuusimamisha wanataka watu wengi, wengine kwenye kamba wengine wanausukuma mabegani, na wakipungua watakuita hata kama umekuja na viatu vya mjini. Ukipewa kamba usiiviringishe mkononi, ishike tu, na mtu mmoja akisema achia, achia.